Nani ni raia? Simon Nkoli, David Kato na sisi vijana wa Bunia

Wandugu vijana, kutoka Mudzipela mpaka Rwambara, na ninyi wote munaotusoma kwa simu,

Kuna habari moja ambayo katika mikutano yetu watu wanaikimbia. Ukiitaja, mmoja anacheka, mwingine anaangalia chini, na wa tatu anasema: "Ile haiko mambo ya raia." Ni habari ya watu wanaoitwa siku hizi LGBTQ: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, wanaopenda pande zote mbili, na wale ambao jinsia wanayoishi nayo haiko ile waliyoandikiwa siku ya kuzaliwa.

Sisi tunasema ni mambo ya raia. Na mbele mtu aseme tumelipwa na wazungu, ajue hivi: tuko na diploma, hatuko na kazi, na kama zile dola zinazosemwa kila siku zingefika Bunia, tusingekopa hata mega za kuweka haya maandishi kwenye intaneti.

Tunasema hivyo juu ya historia. Ukisoma historia ya mapambano ya raia, utawakuta hawa watu ndani, tena mara nyingi mbele. Na ukisoma sheria zilizotungwa ili kuwawinda, utakuta ndani yake kipengele cha kufunga mdomo wa watu wengine wote. Hayo mambo mawili ndiyo tunataka kuonyesha.

Aliyefundisha wengine kupambana bila silaha

Tuanze na kitu tunachokitumia sisi wenyewe: mapambano bila fujo. Kijana akiingia katika harakati ya raia, anasikia jina la Gandhi na jina la Martin Luther King. Jina la Bayard Rustin halisikii sana, na lingepaswa kuwa pale katikati.

Rustin alizaliwa Marekani mwaka 1912, mtu mweusi. Mwaka 1948 alisafiri mpaka India kujifunza njia ya Gandhi. Mwaka 1956, watu weusi wa Montgomery walipokuwa wamegoma kupanda mabasi ya mji, alikwenda kwao. Wakati ule nyumba ya King ililindwa na watu wenye bunduki. Rustin alikuwa mmoja wa wale waliomweleza King kwamba huwezi kuongoza mapambano ya amani huku umeweka silaha mlangoni. Kisha tarehe 28 Agosti 1963 ni yeye aliyepanga ile safari kubwa ya Washington: mabasi, maji, chakula, vyoo, vijana wa kulinda utaratibu. Walifika watu karibu 250,000, na hakukuwa na vita.

Rustin alikuwa mwanaume anayependa wanaume, na mwaka 1953 alikuwa amefungwa kwa sababu hiyo. Majuma machache mbele ya maandamano, seneta mmoja aliyetaka weusi na weupe waendelee kutengwa, Strom Thurmond, alisimama bungeni na kuitangaza ile habari ya kufungwa kwake. Hakujibu madai ya weusi kuhusu kazi na uhuru. Alitafuta mtu wa kuaibisha ili maandamano yote yaaibike. Mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi, alikataa kumuacha Rustin, na kazi ikaendelea.

Sisi hapa tunaujua huo mchezo. Msichana akisimama mbele katika harakati, wanamuita malaya. Kijana akisimama, wanamuita pede. Hawajibu swali la barabara wala la usalama. Wanatupa neno, na wanangojea wenzake wamkimbie.

Alisema ukweli ndani ya gereza

Turudi Afrika. Simon Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957. Alikuwa mwanaharakati dhidi ya ubaguzi wa rangi tangu ujana. Mwaka 1984 watu walikuwa wanakataa kupandishiwa kodi ya nyumba katika vitongoji vya weusi kusini mwa Johannesburg. Nkoli alikamatwa, na pamoja na wenzake 21 akashtakiwa kwa uhaini katika kesi inayojulikana kama kesi ya Delmas. Hukumu ingeweza kuwa kifo. Kati ya walioshtakiwa pamoja naye walikuwa Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, ambao nyuma ya ukombozi walikuja kuwa viongozi wakubwa wa nchi.

Ndani ya gereza Nkoli aliwaambia wenzake kwamba yeye anapenda wanaume. Wengine walikasirika. Waliogopa serikali itatumia habari hiyo ili kuichafua kesi yote, na kulikuwa na waliotaka ahukumiwe peke yake. Walijadili kwa muda mrefu. Mwisho walibaki pamoja, na mwaka 1988 Nkoli akaachiliwa. Kumbuka pia kwamba chama cha mashoga wa Afrika Kusini cha wakati ule, ambacho wengi ndani yake walikuwa wazungu, hakikumuunga mkono alipokuwa gerezani. Kwa hiyo alikuwa na vita pande mbili: kwa wenzake juu ya mapenzi, kwa wazungu juu ya rangi. Alikataa kuchagua. Alisema yeye ni mweusi na ni shoga, na kwamba hayo mapambano mawili hawezi kuyatenganisha ndani ya mwili wake.

Alipotoka alianzisha shirika la GLOW, na tarehe 13 Oktoba 1990, yeye na Beverley Ditsie na wengine waliongoza Johannesburg maandamano ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika Kusini. Walikuwa watu mamia tu. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani ili majirani wasiwajue. Miaka 6 baadaye, Katiba ya 1996 ya Afrika Kusini iliandika wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda. Nkoli alikufa mwaka 1998. Ile Katiba iliandikwa na watu ambao kati yao walikuwa waliolala gereza moja na yeye, wakala sahani moja na yeye.

Kampala, jirani yetu

Uganda haiko mbali. Bidhaa nyingi zinazouzwa Bunia zinapitia Mahagi, Aru ao Kasenyi, na ndugu zetu wengi waliokimbia vita ya Ituri wako upande ule wa Ziwa Albert. Sasa tuangalie yaliyotokea kule, maana ndiyo yanayotaka kuvuka mpaka.

David Kato alikuwa mwalimu. Alifanya kazi Afrika Kusini kwa muda, akaona nchi inavyobadilika, akarudi nyumbani na kuwa mmoja wa viongozi wa Sexual Minorities Uganda, shirika lililoanzishwa mwaka 2004. Mwezi wa Oktoba 2009 mbunge David Bahati alipeleka bungeni mswada uliokuwa na adhabu ya kifo ndani yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala linaloitwa Rolling Stone (haliko lile la Marekani) lilichapisha picha na majina ya watu, likaandika wanyongwe. Picha ya Kato ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Kato hakutafuta panga. Yeye, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema walikwenda mahakamani. Tarehe 3 Januari 2011 jaji aliwapa haki: gazeti lilikuwa limevunja heshima yao na usiri wa maisha yao. Tarehe 26 ya mwezi ule ule, Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Hata kwenye mazishi mhubiri alianza kuwatukana waombolezaji, mpaka wakamnyang'anya kipaza sauti. Askofu wa Kianglikana aliyestaafu, Christopher Senyonjo, ndiye aliyemuombea.

Wenzake hawakuacha. Mswada wa Bahati ulipokuwa sheria mwaka 2014, bila ile adhabu ya kifo, walirudi mahakamani pamoja na mbunge Fox Odoi, profesa Joe Oloka-Onyango na mwandishi wa habari Andrew Mwenda. Tarehe 1 Agosti 2014 sheria ilifutwa, kwa sababu bunge liliipitisha bila hesabu ya wabunge inayotakiwa.

Kisha upepo ukageuka. Mwezi wa Agosti 2022 serikali ilifunga Sexual Minorities Uganda ikisema haiko na karatasi za kuandikishwa. Mwaka 2023 sheria mpya ilitoka: kifungo cha maisha, hukumu ya kifo kwa makosa fulani, na mpaka miaka 20 gerezani kwa mtu "anayetangaza" ushoga. Soma hicho kipengele cha mwisho vizuri. Mwanasheria anayemtetea mtu, daktari anayemtibu, mwandishi anayeuliza swali, kijana anayeandika maneno kama haya: polisi anaamua nani ametangaza. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vipengele vichache, kama kile cha kulazimisha watu kuwachongea wengine kwa polisi, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki.

Kenya ilikwenda njia nyingine kwa swali moja. Mwaka 2013 mwanasheria Eric Gitari alifungua kesi kwa sababu ofisi ya serikali ilikataa kuandikisha shirika lao. Ilichukua miaka 10. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 dhidi ya 2, ilisema kuwazuia watu kuunda shirika kwa sababu hiyo ni ubaguzi. Sheria ya adhabu ya Kenya haikubadilika siku hiyo. Lakini majaji walitambua kwamba hata raia ambaye wengi hawampendi ana haki ya kukusanyika na wenzake. Harakati yoyote ambayo imewahi kuambiwa "hamujulikani kwa sheria" inaelewa uzito wa maneno hayo.

Kitu gani kilitoka Ulaya?

Tunaambiwa kila mara: "Hiyo ni desturi ya wazungu." Tuangalie karatasi basi.

Sheria ya kufunga watu kwa ajili ya mapenzi ya jinsia moja katika Uganda na Kenya iliandikwa na Waingereza, wakati wa ukoloni, kwa mfano wa ile waliyoiandika India. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, na katika kitabu chao cha adhabu kipengele hicho hakikuwemo. Ndiyo maana mpaka leo, ukivuka kutoka Mahagi kwenda Goli, mtu yule yule, na moyo ule ule, anageuka kuwa mhalifu. Tofauti haikuletwa na mababu zetu wa pande hizi mbili. Ililetwa na wakoloni wawili tofauti. Tena mwezi wa Machi 2009, miezi michache mbele ya mswada wa Bahati, mhubiri Mmarekani Scott Lively alikuja Kampala kufundisha kwenye semina kuhusu "hatari" ya mashoga. Hiyo nayo ilitoka ng'ambo.

Na kuna jambo lingine. Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887. Simulizi la Kanisa lenyewe linasema vijana wale walikataa pia matakwa ya mwili ya mfalme Mwanga. Tunawaheshimu mashahidi, na hakuna anayepaswa kulazimishwa na mfalme. Lakini huwezi kufundisha simulizi hilo Juni, na Julai ukasema mapenzi ya mwanaume kwa mwanaume hayakujulikana Afrika mpaka mzungu alipofika.

Kwetu Kongo

Hapa kwetu hakuna sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kama kosa. Lakini kuna kifungu cha 176 cha kitabu cha adhabu, juu ya kuchafua maadili mbele ya watu, ambacho kinaweza kuvutwa upande wowote. Na kuna wabunge ambao wamejaribu zaidi ya mara moja. Mwaka 2010 Askofu Ejiba Yamapia alipeleka pendekezo la sheria ambalo liliwaweka hawa watu sanduku moja na wanaolala na wanyama, tena lilitaka kukataza mashirika na maandishi ya kuwatetea. Mwaka 2013 Steve Mbikayi akaleta lake. Mwaka 2024 Constant Mutamba akafuata.

Burundi tayari wamepita huko. Mwezi wa Machi 2009 chama kinachotawala kilitoa maelfu ya watu barabarani Bujumbura kudai adhabu hiyo, na mwezi wa Aprili ikawa sheria. Je, nyuma ya hapo Burundi ilipata kazi kwa vijana? Ilipata amani? Mwaka 2015 vijana wale wale wa Bujumbura walipigwa risasi barabarani wakikataa muhula wa tatu wa rais.

Katika Kongo kuna pia waliosimama. Bukavu kuna shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko. Kinshasa, wanawake vijana wa Si Jeunesse Savait, pamoja na Françoise Mukuku, waliongea juu ya haki hizi wakati ambapo karibu hakuna aliyethubutu. Mwaka 2017 mashirika kadhaa ya Kongo, pamoja na hilo la Bukavu, yalipeleka ripoti kwenye Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, yakieleza vipigo, kufukuzwa shuleni na nyumbani, na polisi wanaokula pesa za watu kwa kuwatisha. Ni Wakongo. Wanaongea Kiswahili na Kilingala kama sisi.

Katiba yetu ya 2006 inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti, kifungu cha 40. Sawa, na hatujifichi hapo. Lakini Katiba ile ile, kifungu cha 12, inasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu. Cha 31 kinalinda maisha ya ndani ya kila mtu. Cha 37 kinatoa uhuru wa kuunda shirika. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa yule jirani wako".

Bunia inajua orodha

Watu wa Ituri hawahitaji profesa kuwaeleza maana ya kumtafuta mtu kwa jina. Tarehe 5 Septemba 2002, Nyakunde, wauaji waliingia mpaka hospitali, wakatafuta wagonjwa vitandani kwa kuangalia kabila. Mwaka 2003, hapa mjini, swali "wewe ni wa kabila gani?" liliweza kuwa swali la mwisho mtu kulisikia. Wengi wetu tulikuwa watoto mgongoni mwa mama wakati huo. Tumekua na habari hiyo ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tukiona picha ya kijana inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na chini yake anwani ya kartie na maneno "tumtafute", hatuwezi kusema haituhusu. Tunajua jambo hilo linaanzia wapi na linamalizikia wapi. Na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa, hali iliyofanya raia wahukumiwe na mahakama za kijeshi. Mwezi wa Aprili 2022 mahakama ya namna hiyo kule Beni iliwapa wanaharakati 12 wa LUCHA mwaka mmoja gerezani, kosa lao kuandamana kwa amani. Fikiria sasa ukiongeza juu yake sheria inayosema "kutangaza ushoga". Afisa asiyekupenda hatahitaji hata ushahidi. Neno la jirani litatosha kukutupa kasho.

Na imani yetu?

Wengi wetu tunasali. Wengine ni Wakatoliki, wengine wa CECA 20, wengine Waislamu. Hatuombi mtu abadilishe anachoamini. Mwezi wa Januari 2023, siku chache mbele ya kuja Kinshasa, Papa Francis alisema kuwa mtu wa namna hiyo haiko kosa la jinai, na baada ya safari ya Kongo na Sudan Kusini alirudia ndani ya ndege. Mwezi wa Januari 2024 Kardinali Ambongo na maaskofu wa Afrika walikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja, lakini katika barua ile ile walisema watu hao watendewe kwa heshima. Mtu anaweza kukataa baraka, na akakataa pia fimbo. Hayo mawili yanakaa pamoja ndani ya moyo mmoja.

Tunachoomba

Kwanza: hakuna anayeshikilia bendera ya harakati atakayepiga mtu, kumvua nguo ao kumpiga picha kwa sababu ya anayempenda. Anayefanya hivyo hayuko nasi.

Pili: usisambaze. Picha ikifika kwenye simu yako, ifute, na umuonye yule aliyetajwa kama unamfahamu.

Tatu: usimkimbie mwenzako kwa sababu ya neno walilomtupia. Mzee Randolph hakukimbia. Wafungwa wa Delmas walijadili, wakakasirika, wakabaki.

Nne: wabunge wa Ituri wakirudi kutuomba kura, tuwaulize mambo mawili pamoja. Kazi, barabara na usalama viko wapi? Na siku lile pendekezo likirudi bungeni, mutapiga kura ya kuongeza watu gerezani, ao mutasimama na Katiba?

Raia ni kila mtu anayeishi hapa. Tukikubali mmoja atolewe kwenye hesabu, tusishangae siku hesabu inapoanza upya na sisi hatumo.